Kiti cha Mama Mkwe

Zuhura na Emanueli, karakana nimewaachia, cherehani nimewaachia, hata ule mkasi mkubwa ambao sikutaka mtu aukatie karatasi nimewaachia. Bado mnataka niandike. Mnasema kila wiki anakuja mteja kuuliza gari gani linafaa familia inayoongezeka, nanyi mnamjibu, "Ngoja tumpigie Mama Viti." Mama Viti amestaafu, na mchana saa nane huwa amelala. Usingizi huo ndio faida pekee ya kustaafu niliyoiona mpaka sasa, kwa hiyo nimekaa kuandika ili niulinde.

Nianze na nisichokijua. Injini siijui. Nimefanya kazi ndani ya magari zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuendesha hata moja. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia watu kwamba Tabora nzima hakuna abiria aliyekaa kwenye gari muda mrefu kama mimi bila kufika popote. Ninachokijua ni viti. Na nimeona kwamba baba wa familia akienda kununua gari hufungua boneti kwanza, wanaume wanne wakainama pamoja naye, wakatikisa vichwa kana kwamba wanasikiliza mahubiri. Kiti cha nyuma hakuna anayekikalia. Halafu analipeleka gari nyumbani, na kule nyumbani hakuna mtu wa kukaa kwenye injini.

Niliingia kazini kwa Mzee Nassor, pale Mtendeni, nikiwa msichana niliyejua kushona sare za shule tu. Mzee Nassor alikuwa wa zile familia zetu za Waarabu waliokaa Tabora mpaka Kinyamwezi chao kikawa kizuri kuliko cha jirani zao. Alidai babu yake alikuwa akishona matandiko ya punda na mifuko ya ngozi ya wafanyabiashara wa misafara, na kwamba ukoo wao umekuwa ukishona vitu vya kukalia tangu barabara ya Kigoma ilipokuwa njia ya miguu. Ushahidi wake ulikuwa sindano moja ya upinde, nene na kuukuu. Sijui kama kweli ilikuwa ya babu, lakini ilinichoma siku ya kwanza na kovu ninalo.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa kitu cha kushona. Aliniingiza kwenye basi bovu lililokuwa limeegeshwa nyuma ya karakana, akasema nikae kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, halafu nimweleze nani alikuwa akikaa pale. Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimeanza kuona. Kiti hiki sponji imelala upande wa kushoto, aliyekaa hapa alikuwa akiegemea dirisha na kusinzia. Kile kimechanika mgongoni chini, nyuma yake alikaa mtoto mwenye viatu vya shule. Hiki kina chembe za tumbaku kwenye mshono, mkulima huyo. Mzee Nassor alisikiliza, kisha akanituma nikalete kahawa. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jambo la pili alilonifundisha ni gari la chaki. Mnalijua, mmelifuta sakafuni mara nyingi kwa ufagio. Kabla ya kupanga viti vya gari lolote la familia, Mzee Nassor alichora gari lile sakafuni kwa vipimo vyake halisi, akaweka vigoda mahali pa viti, akaita familia nzima. Siyo baba peke yake. Waje mama, watoto, shangazi anayekuja kila Idi na kuondoka baada ya miezi mitatu. Kila mtu akae kwenye kigoda chake, na wakae kwa muda wa kunywa chai. Ndani ya muda huo mtajua nani hawezi kukaa karibu na nani, nani ana magoti marefu, na nani atatapika.

Kwa gari la chaki nimeona mengi. Alikuja mfanyabiashara wa asali mwenye watoto watano na pikapu. Alikuwa ameipenda kwa sababu ya mapipa yake ya asali. Mkewe alikaa mbele na watoto wote kwenye vigoda viwili, akanywa chai yake taratibu, kisha akamwomba mumewe wabadilishane: yeye aende nyuma na asali, mume abaki na watoto. Pikapu ikauzwa wiki ileile. Akaja mzee mmoja wa hapa hapa mjini, mwenye wake wawili, na kigoda cha mbele kilikuwa kimoja. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe wake wote wawili wakaenda safu ya kati, umbali sawa kutoka kwa mume, na mbele pakaandikiwa gunia la mchele. Nasikia mpaka leo ndilo linalokaa hapo.

Lakini kesi iliyonifundisha kuliko zote ni ya Mwalimu Masanja, na humo kosa la kwanza lilikuwa lake, la pili likawa langu.

Mwalimu Masanja anafundisha shule ya msingi huko Kigwa. Alikuja asubuhi moja na gari dogo jeusi la watu watano, linang'aa mpaka kuku wa jirani walisimama kujitazama ubavuni. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, msije mkasema nimepewa kitu. Alinisalimu shikamoo, nikaitika, kisha akasimama anakuna kichwa. Alitaka nimshonee pazia. Nikamuuliza pazia la dirishani? Akasema hapana, la katikati, baina ya viti vya mbele na vya nyuma.

Nilimpa kigoda akae anieleze. Mkewe, Anastazia, ambaye wote tulimwita Ana, alikuwa mjamzito wa miezi sita. Watoto wanne walikuwepo. Mimba iliyotangulia hii ilikuwa imeharibika, na Ana alikuwa peke yake siku hiyo, mwalimu akiwa darasani. Sasa daktari alikuwa amemwambia apumzike, asibebe hata ndoo. Ana hakuwa na ombi lingine duniani. Alimtaka mama yake, Bibi Nyamizi, aliyekuwa akiishi peke yake Usinge, aje akae nao. Mwalimu akanunua gari kwa ajili hiyo, akawapakia watoto wake wakubwa wawili kiti cha nyuma, akaenda Usinge kumchukua mama mkwe.

Sasa nyinyi wawili ni watu wa mjini, nawaeleza. Kwa Wanyamwezi wa kizazi cha Bibi Nyamizi, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Wakionana njiani kwa mbali, mmoja wao ataona ghafla kwamba vichakani kuna kuni nzuri. Mwalimu Masanja ni Mnyamwezi, anayajua yote hayo. Lakini ana adabu za mjini pia, na kwa adabu za mjini mgeni wa heshima hukaa mbele. Basi alipofika pale uani Usinge, majirani wote wakitazama, adabu zikamchanganyikia. Akafungua mlango wa mbele, akasema, "Karibu mama, kaa hapa upate hewa."

 Bibi Nyamizi aligeuka akatazama mhogo wake ulioanikwa. Mwalimu akashtuka, akamhamishia mtoto mkubwa mbele, akafungua mlango wa nyuma. Bibi akakubali, akaingia. Ni mwanamke mrefu, kwa hiyo magoti yake yakaenda kukaa mgongoni kwa kiti cha mkwe wake. Hilo labda angelivumilia. Mwalimu akakaa kwenye usukani, akainua macho kwenye kile kioo cha katikati, na Bibi Nyamizi naye akainua macho. Wakatazamana.

Bibi alishuka. Alimwambia mjukuu wake, naye mwalimu akiwa pale pale anasikia: "Mwambieni baba yenu nimeliona gari lake. Aende salama." Akaingia ndani.

Mwalimu alipomaliza kunisimulia alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, "Mke wangu halali, Mama Viti. Hanilaumu, lakini halali." Nilimwonea huruma sana. Na huruma, wanangu, isipochunguzwa hushona vitu vya ajabu. Sikuchora gari la chaki. Sikumwita mtu yeyote akae. Nilichukua vipimo palepale, nikashona pazia la kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, lenye vikunjo na pete za kuteleza, na nikajisifu.

Pazia lile lilifika hadi kabla ya Urambo. Trafiki alimsimamisha mwalimu kwa sababu dereva alikuwa haoni nyuma hata kidogo. Alizunguka gari, akachungulia, akauliza kama ndani kuna bibi harusi au maiti. Mwalimu akajibu kwamba hakuna mtu, anakwenda kumchukua mama mkwe. Trafiki akamtazama muda mrefu, kisha akamwambia alivue pazia na arudi nyumbani akapumzike. Kisa kile kilifika Usinge kabla ya jioni, maana hakuna barabara yenye habari za haraka kama ile. Majibu ya Bibi Nyamizi yakarudi kwa mdomo wa kondakta wa basi: yeye si mzigo wa kufunikwa turubai, na basi lao hatalipanda pia, kwa sababu sasa si suala la usafiri.

Alikuwa na haki. Alikuwa amekosewa mara mbili, na mara ya pili sindano ilikuwa yangu. Nilisikia aibu iliyonikosesha chakula, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini. Kule Kigwa Ana alikuwa ameingia mwezi wa saba.

Jumamosi iliyofuata nilimwita mwalimu aje na watoto wote wanne. Ana asisafiri, lakini kigoda chake kiwepo. Nikachora chini lile gari lake jeusi kwa vipimo vyake, nikampa mwalimu vigoda vinane, nikamwambia: panga nyumba yako. Hesabu ilikuwa rahisi: yeye, Ana, watoto wanne, Bibi, na mtoto aliye njiani. Akaanza vizuri. Yeye kwenye usukani, Ana kando yake, watoto watatu nyuma. Mtoto wa nne akapakatwa na wa kwanza, wakaanza kupigana. Kigoda cha mtoto ajaye akakisukuma kwenye miguu ya mkewe. Kikabaki kimoja. Alizunguka nacho lile gari la chaki mara mbili, akijaribu hapa na pale, kisha akasimama katikati ya sakafu na kigoda cha mama mkwe mkononi, hana pa kukiweka.

Nikamwambia, "Basi hata yeye Usinge aliona hivyo."

Gari jeusi likapata mtu, bwana mmoja asiye na mke, na naamini wanaishi vizuri. Sisi tukaenda kwenye yadi moja karibu na stendi. Dalali wa pale aliitwa Jumanne, mtu mwembamba, mwepesi, mwenye maneno ya Dar es Salaam ingawa mwenyewe hajavuka Dodoma. Alianza kufungua boneti. Nikamwomba aifunge. Nikatoa kanga mbili kwenye mfuko wangu, moja nikamfunga kiunoni na nyingine nikamtupia kichwani na mabegani.

"Mama Viti, wateja wananiona," alisema Jumanne.

"Wewe sasa ni mama mkwe wa huyu mwalimu," nikamwambia. "Panda safu ya tatu."

Gari la kwanza lilikuwa na safu tatu, limeinuka, zuri la kupigia picha. Ila kufika safu ya mwisho ilibidi ukunje kiti cha kati, uinue mguu mmoja juu, uiname, kisha ujiburute. Mwalimu alikuwa ameshika mlango kwa heshima, kama mkwe anavyopaswa. Jumanne akainua mguu na kanga yake, akainama, akakwama, sehemu yake kubwa ikiwa imeelekea usoni kwa mwalimu. Mwalimu aliuachia mlango akageukia ukuta. Kutoka kule ukutani akasema hili hapana, waendelee na jingine.

La pili lilikuwa la kijivu, la umri wa kati, lenye mkwaruzo ubavuni, la yale yenye mlango wa kuteleza na ngazi ya chini. Mtu anaingia amesimama nusu, anapita kwenye nafasi iliyoachwa kando ya safu ya kati, anakaa nyuma bila kumwonyesha mtu chochote. Jumanne aliingia kama malkia. Hapo nikamweka mwalimu kwenye usukani, nikamwambia atengeneze kioo cha katikati anavyokitaka barabarani, asidanganye, kisha anieleze anachokiona. Jumanne akakaa katikati ya safu ya tatu.

"Namwona mpaka meno," akasema mwalimu.

Nikamhamishia pembe ya kushoto. Akaonekana nusu uso. Nikamhamishia pembe ya kulia, nyuma kabisa ya dereva, ambako kuna kiegemeo cha kichwa cha safu ya kati na cha dereva mwenyewe. Mwalimu akanyoosha shingo, akairudisha, akasema haoni kitu ila paa na kipande cha kanga, na kwa nyuma barabara yote anaiona. Tukacheka sote, na mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. Mteja mwingine akaingia yadini wakati huo akamwamkia Jumanne shikamoo mama. Jumanne akaitika marahaba, biashara ni biashara.

Hapa nisimame kidogo niwape vipimo, maana Emanueli atalalamika kwamba nimeandika hadithi. Goti la anayekaa nyuma lisiguse kiti cha mbele. Pawe na nafasi ya ngumi mbili, ngumi za mtu mzima. Bonyeza sponji kwa goti lako, usitumie kidole, kidole hakina uzito wa mtu. Kaa safu ya mwisho saa saba mchana milango ikiwa imefungwa, ndipo utajua kama pana hewa. Muulize mnunuzi nani atazaliwa na nani atahamia kwake miaka mitatu ijayo, naye atakwambia hakuna, usimwamini. Na muulize nani asiyekaa na nani. Hilo la mwisho hakuna karatasi ya gari inayolijibu.

Gari la kijivu nililichukua kwangu siku nne. Ile pembe ya kulia niliifumua yote. Niliongeza sponji ngumu chini na laini juu, nikainua kiti kidogo ili mwanamke mrefu asikae magoti yakiwa kidevuni, nikakivika leza nyeusi, ile ngozi ya bandia, yenye mshono mweupe. Ana alikuwa ameniambia kwa simu kwamba mama yake anavuta ugoro na kopo lake hukaa karibu sikuzote. Basi ubavuni mwa kile kiti nikashona kimfuko kidogo chenye kifuniko, kipana cha kutosha kopo la ugoro. Nilitumia sindano ya Mzee Nassor, na nilishona polepole. Nilikuwa naomba radhi.

Tulikwenda Usinge mwalimu, mimi na watoto wawili. Mimi nilikaa safu ya kati. Bibi Nyamizi tulimkuta uani, anajua tunakuja, anajifanya hajui. Nilimwamkia, naye akaniitikia na kunitazama kuanzia miguuni. Mwalimu alisalimu kutoka mbali akiwa ametazama miti. Bibi akauliza, akiniuliza mimi, kama ni mimi niliyeshona lile pazia. Nikasema ndiyo mama, ni mimi, na nimekuja na mikono yangu yote miwili ili kama ni kupigwa nipigwe. Hakucheka, lakini alikohoa kwa namna fulani.

Alilizunguka gari. Aligonga ubavu pale penye mkwaruzo. Mlango wa kuteleza nilimfungulia mimi, mwalimu akiwa upande wa pili kabisa, karibu na banda la kuku. Akapanda, akapita, akafika kwenye pembe yake, akakaa. Akabonyeza kiti kwa mkono. Kisha akaniambia, "Mwambie aingie kwenye usukani."

Mwalimu aliingia. Nilisikia pumzi yake. Bibi Nyamizi aliinua macho taratibu kuelekea kile kioo, akakitafuta kutoka huku na kutoka kule, na humo ndani hakukuwa na mtu.  Mkono wake ukashuka ubavuni mwa kiti, ukakuta kile kimfuko, ukakifungua na kukifunga. Akatoa kopo lake kwenye mkunjo wa kanga, akalitumbukiza humo. Liliingia sawasawa.

"Muulize huyo mwalimu," akasema, "nina mbuzi wawili na kuku. Watakaa wapi?"

Mbuzi sikuwa nimewachora. Walibaki kwa jirani, na kuku watatu wakasafiri chini ya kiti changu mpaka Tabora, mmoja akanitagia yai karibu na kiatu. Niliposhuka Mtendeni, wao wakaendelea na safari ya Kigwa. Nasikia Ana alipomwona mama yake akishuka, alikaa chini palepale mlangoni akalia kwa sauti, na Bibi akamwambia aache kulia, amwonyeshe jiko liko wapi.

Alijifungua salama miezi miwili baadaye, mama yake akiwa chumbani. Walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Kwa hiyo hesabu yangu ya vigoda vinane, ambayo nilijivunia, ilipungua kimoja.

Miaka miwili na ushei ikapita. Mwaka huu, wiki ya mwisho ya kazi yangu, asubuhi, Mwalimu Masanja akaleta lile gari la kijivu, akaliacha mlangoni akasema anarudi baada ya kupita sokoni, kuna kazi ndogo atanieleza. Mimi nikafungua mlango kulisalimu. Ni mazoea ya siku yangu ya kwanza, nikiingia garini nasoma viti.

Safu ya kati ilikuwa imechakaa vizuri, maziwa, biskuti, kalamu ya rangi, mapacha hao. Safu ya tatu, pembe ya kushoto na katikati, imepigwa mateke. Nikafika pembe ya kulia. Leza ilikuwa inang'aa. Nilibonyeza sponji kwa goti, ikanirudisha juu ngumu kama siku niliyoishona. Nikafungua kimfuko, nikakuta karatasi za pipi. Hakuna aliyekaa pale kwa muda mrefu. Nikakaa kwenye kile kiti mwenyewe. Nilimwona akilini Bibi Nyamizi akikohoa kwa ile namna yake, nikajiuliza kwa nini hakuna mtu aliyeniletea habari za msiba, na nikasikia uchungu kwamba nilishona kitu kizuri namna ile kwa safari moja.

Nilikaa hapo mpaka nikakumbuka kwamba msomaji wa viti hasomi kiti kimoja. Nikashuka, nikafungua mlango wa mbele, upande wa abiria. Sponji ilikuwa imelala kabisa, imeelemea upande wa mlango, kama mtu anayekaa mbali kadiri awezavyo na dereva. Nikapitisha kidole kwenye mshono. Kikatoka na ugoro.

Mwalimu alirudi peke yake, nikamdaka kabla hajafika, nikamuuliza nani anakaa mbele. Alianza kucheka. Alisema watoto walikuwa wakigombea kiti cha mbele kila Jumapili ya kwenda kanisani, maana Ana siku hizi hukaa kati na mapacha. Jumapili moja walipigana mpaka shati likachanika. Bibi akatoka nyumbani, akawatazama, akaingia mbele akakaa yeye, kanga ameishusha upande wa dereva kama ukuta. Ugomvi ukaisha. Jumapili iliyofuata akakaa tena, na ule ukuta wa kanga ukawa unapungua kidogo kidogo, mpaka sasa uko begani.

Nikamuuliza, na heshima je? Akasema heshima iko palepale. Hawatazamani, na hawasemeshani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha kimfuko. Bibi alikuwa amechoka kushika kopo mkononi njia nzima. Nilikifumua kule nyuma uzi kwa uzi, nikakishona ubavuni mwa kiti cha mbele, upande wa mlango. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, nanyi wawili mlikuwepo mkidhani nalia kwa sababu ya kustaafu.

Namaliza kukata uzi, Bibi Nyamizi akatokea sokoni na kapu lake la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Nilimwamkia, akanipa mchembe mmoja, akapanda mbele bila kusaidiwa, akatumbukiza kopo kwenye kimfuko. Mwalimu akawasha. Bibi alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, naye anatazama mbele moja kwa moja.

"Gari," akasema Bibi Nyamizi, "lile shimo la pale darajani, leo ulione."

"Gari limesikia, mama," akajibu mkwe wake, wakaondoka.